Mchanga wa Kisenyi na Samaki wa Sake

Felisita binti yangu,

Barua hii nimeificha chini ya vitenge vyako, chini kabisa ya kikapu, na juu yake nimeweka zile nguo za ndani ambazo shangazi zako wanaona haya kuzigusa. Hawatapekua. Wako na wewe huko chumbani sasa hivi, wanakupaka siagi na kukufundisha mambo ambayo wao wenyewe yaliwashinda. Nasikia mkubwa wao anakuambia jinsi ya kumtunza mwanamume. Wa kwake alikwenda kuchimba madini na hakurudi hata kuchukua kofia yake, lakini shangazi ni shangazi, msikilize na uitikie.

Baba yako yuko uani. Amevaa koti la kuazima kwa katekista, mikono ya koti inafika kwenye vidole, na anajifunza hotuba ya kesho mbele ya mbuzi. Nimemsikia akirudia mara nyingi kwamba binti yetu tumemlea vizuri. Mbuzi anakubali.

Mambo ya jikoni sitakuandikia. Unajua kupika maharage, na usipojua utakula mabichi mpaka ujue. Mambo ya ibada waachie masista, hiyo ndiyo kazi yao. Mimi nakuandikia juu ya mchanga wa Kisenyi.

Ndiyo, nimejua. Nitakuambia mbele nimejuaje. Najua kwamba kesho Alhamisi padre atawafungisha ndoa, mtakwenda nyumbani kwa Anakleti, utaingia ndani kama bibi-arusi anavyoingia, na Jumamosi kabla jirani hajafungua mlango mtatoka nyinyi wawili, mtapanda nyuma ya lori la mboga, mtakwenda Kisenyi kukaa ufukweni mpaka Jumapili jioni. Bwana wako ana jina la jambo hili. Analiita vwayaje de nose, kwa Kifaransa chake, yaani safari ya maarusi. Alilisikia kwa bosi wake pale ofisi ya kahawa anapoandika hesabu za magunia, na tangu siku hiyo linamkaa mdomoni kama pipi.

Kwanza niseme juu ya hiyo safari yenyewe, maana nikinyamaza nitapasuka. Mnakwenda kutazama ziwa. Felisita, ziwa hili umelichota kwa mtungi tangu kichwa chako kiwe na nguvu ya kubeba mtungi. Umeteleza juu ya mawe yake meusi, umevunja mitungi yangu, umelia. Maji ya Kisenyi ni yale yale, yamezunguka kona tu. Tofauti ni kwamba huko Mungu alisahau kuweka mawe akaweka mchanga, na Wazungu walipouona wakasema hapa ni pazuri, na kwa kuwa wamesema wao, basi Anakleti naye ameona ni pazuri.

Huko mimi napafahamu. Nimepeleka mayai na karoti kwenye mlango wa jiko la ile hoteli kwa miaka mingi kuliko Anakleti alivyovaa viatu. Maarusi wao nimewaona. Wanakuja wametoka mbali, wengine kwa ndege, wanavua nguo na kulala juani kama mihogo iliyoanikwa, na jioni pua zao zimebabuka. Nilimwona mmoja aliyemsimamisha mke wake majini mchana mzima ili ampige picha. Sogea kulia, inua mkono, cheka. Yule msichana alicheka mpaka midomo ikatetemeka kwa baridi, kisha akaketi karibu na jiko letu akalia, na mpishi akampa chai. Mumewe alikuwa bado anafuta kioo cha mashine yake. Hiyo ndiyo furaha ambayo bwana wako ameitamani.

Tena hamtalala hotelini, usijidanganye. Mtu mweusi anaingia pale akiwa amebeba kitu. Anakleti ana binamu yake mtunza bustani, na huyo binamu amekubali kuwaachia chumba chake nyuma ya jiko, pale wanapoweka majembe na mbolea ya kuku. Nakijua chumba hicho. Ziwa linaonekana ukisimama juu ya kitanda. Na mchanga wenyewe, ule laini, mbele ya hoteli, una mlinzi mwenye fimbo. Nyinyi mtakanyaga ule wa mbali, kwenye matete, wavuvi wanapofunga mitumbwi yao na kutupa matumbo ya samaki. Anakleti atavaa miwani yake myeusi na atasema, tazama plaji, kama Wazungu wanavyouita ufukwe. Utatazama.

Haya, nimetukana vya kutosha, sasa nije kwenye neno.

Unajua desturi yetu, lakini niiandike ili usiseme hukuambiwa. Bibi-arusi akiingia nyumba ya mume anakaa ndani. Hapigwi na jua, hashiki jembe, haonwi na mtu wa nje. Anakaa mpaka wanawake wa ukoo waje na maziwa na pombe, waimbe mlangoni, waingie, wamwondolee kitambaa kichwani na kumtoa nje mbele ya watu wote. Wazee wanaita gutwikurura, kumfunua bibi-arusi. Siku hiyo ndiyo wanamjua kuwa ni wao. Zamani zetu mtu alikaa ndani mwezi, wengine zaidi. Siku hizi makarani wana kazi Jumatatu, basi hata desturi inafuata kengele ya ofisi, na kwenu imekuwa ya siku chache tu. Na hizo chache nazo zimewashinda.

Bwana wako anadhani amelipanga jambo hili. Alimwendea shangazi yake, yule mwenye ugoro, akamwambia kwa Kiswahili kizuri cha ofisini kwamba kufunuliwa kwako kungoje mpaka Jumapili ya wiki nyingine. Shangazi akanusa ugoro wake, akanyamaza. Anakleti akashukuru akaondoka. Mtu amesoma mpaka anajua kuandika kwa mashine, lakini hakufundishwa kwamba mwanamke wa umri ule akinyamaza hajakubali. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jirani yetu alikwenda kwao kuazima mtungi akakuta ndizi zimeshakamuliwa na pombe inachemka kwenye mtumbwi wake wa kukamulia. Pombe ya ndizi haingoji wiki nyingine. Ni ya Jumapili hii.

Basi Jumapili baada ya misa watakuja. Watapanga mstari njiani, maziwa mbele, pombe nyuma, watoto pembeni. Wataimba mlangoni ule wimbo mrefu wa kukusifu. Kisha watafungua mlango, na kitandani hakutakuwa na mtu. Utakuwa nyuma ya jiko la Wazungu, Kisenyi, unatoa mchanga kwenye viatu.

Najua kitanda kitupu kinavyoonekana baada ya wimbo ule, kwa sababu kiliwahi kuwa changu.

Hujawahi kuniuliza kwa nini kwa upande wa baba yako wananiita Mama Samaki. Ulidhani ni kwa sababu nakaanga samaki siku za Ijumaa na wao hawali. Hapana. Waliniita hivyo kabla sijawa mama wa mtu yeyote.

Niliolewa juu kule kwenye kilima cha Sake, kwa bibi yako mzaa baba. Ilikuwa ule mwaka mlima ulipopasuka ubavuni na moto ukateremka polepole mpaka ziwani. Mimi nilikuwa ndani, nimefunikwa, siruhusiwi kuona chochote, na nje dunia ilikuwa inaungua. Niliuona moto kupitia tundu la ukuta. Ukuta wote ulikuwa mwekundu. Watu walipita wakisimulia kwamba jiwe linatembea, kwamba maji yanachemka, kwamba samaki wanaelea wamekwisha kuiva. Mimi nilikaa na maziwa yangu kwenye kibuyu, nanenepeshwa.

Baba yako ndiye aliyesema. Nataka ulishike hilo vizuri. Alikuja alfajiri moja akaninong'oneza, "Tuende tuone moto vile inaingia mu maji. Tutarudia mbele watu waamuke." Mimi sikumwomba. Nilikuwa nimekatazwa hata kumtazama usoni, ningeomba vipi? Lakini sikukataa pia. Nilivaa gunia la kahawa kichwani ili nisijulikane, na nikashuka naye.

Sijawahi kuona kitu kama kile na sitakiona tena. Moto ulikuja mzito, hauna haraka, ukaingia ziwani, na ziwa likapiga kelele. Mvuke ulipanda mpaka ukafunika vilima vya ng'ambo. Tulisimama mbali na bado nyuso zetu ziliwaka. Watu wa Sake walikuwa wanaokota samaki ukingoni, wameiva kabisa, ngozi inatoka ukiigusa. Mama mmoja wa Kihunde alinipa mmoja kwenye jani la mgomba. Mimi ni mtoto wa wafugaji, Felisita. Kwetu samaki tulimwita nyoka wa maji. Mama yangu hangekaa karibu na mtu aliyemla. Na mimi, bibi-arusi ambaye hajafunuliwa, nikiwa na gunia kichwani, nikamla yule samaki aliyepikwa na ziwa, nikamla wote, nikalamba vidole. Alikuwa mtamu. Mpaka leo kila samaki ninayekaanga namlinganisha na yule, na hakuna anayemfikia.

Baba yako alicheka. Siku hiyo alikuwa na kicheko kizuri. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza na nikasema moyoni, nimepata mtu.

Tulichelewa. Jua lilipanda. Na huko juu, kwa sababu moto ulikuwa unakaribia, bibi yako alikuwa ameamka na wazo kwamba mambo ya arusi yamalizwe siku ile ile, kabla mlima haujawatawanya watu. Alikusanya wanawake, wakaimba, wakafungua. Tulipofika tuliwakuta wamesimama uani na maziwa mikononi, hawaimbi tena. Nilikuwa na majivu kwenye nywele na harufu ya samaki mdomoni.

Bibi yako hakuniuliza mimi. Alimuuliza mwanawe ni nani aliyenitoa ndani. Alisema, "Nani alimutosha mu nyumba?"

Baba yako alitazama vidole vya miguu yake. Alivitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha vyote vipo. Kisha akasema, "Alisema anataka kuona moto."

Basi. Hakusema uongo mkubwa. Ukimuuliza hata leo atakuambia kwamba ni kweli nilitaka, na kwamba mtu yeyote angetaka. Lakini kwa maneno yale aliniacha peke yangu mbele ya wanawake wote wa ukoo wake, na kile kicheko cha ziwani kikaenda mahali ambapo sijakiona tena. Walinirudisha ndani. Walisema siku zote nilizokaa zimeharibika, tuanze upya, na nikafungwa mpaka mvua zikaisha. Siku ya kunifunua hakuna aliyeimba. Dada yake alinivuta mkono tu akanipa jembe. Tangu siku ile mimi ni Mama Samaki, mwanamke aliyeharibu arusi yake kwa sababu ya tamaa ya macho na ya tumbo.

Sikiliza sasa. Watu wanapowaandikia watoto wao hupenda kujuta. Mimi sijutii kutoka. Wakinirudisha kwenye ule ukuta mwekundu kesho, nitatoka tena, na gunia sitavaa. Ninachokidharau ni kwamba nilipiga magoti. Nilipiga magoti mbele ya bibi yako nikasema nisameheni, ni mimi, sitarudia. Nililifunika kosa la mume wangu kwa magoti yangu, na nilidhani jioni atanishukuru. Hakunishukuru. Aliniamini. Aliposikia nikisema ni mimi, alipumua, na kuanzia hapo akajua kwamba ni mimi. Kila kitu kilichoharibika nyumbani mwetu tangu siku ile, ng'ombe aliyekufa, paa lililovuja, kazi aliyoikosa kwa mdomo wake mwenyewe, kimekuwa mimi. Ukimzoesha mtu kumbebea aibu yake, atasahau kuwa ana mabega.

Umeishi na sisi, umeyaona. Ulidhani tunagombana juu ya chumvi.

Kwa hiyo niliposikia habari ya mchanga wenu, sikukasirika kwa sababu ya desturi. Desturi nimeila na samaki zamani. Nilikasirika kwa sababu nilimwona Anakleti, na yale mafuta yake ya nywele, na ile kalamu anayoichomeka mfukoni hata siku za Jumapili, nikasema huyu ni baba yako mwingine aliyepigwa pasi. Nikamwona akilini amesimama mbele ya shangazi yake Jumapili jioni, anatazama viatu vyake vizuri, na anasema, Felisita ndiye aliyetaka.

Na hapo ndipo palipo na shida, mwanangu, kwa sababu angekuwa anasema kweli.

Niliwasikia. Siku ile mnapura maharage nyuma ya uzio, mimi nilikuwa upande wa pili nafunga kuku. Wewe ndiwe uliyesema. Ulimwambia kwamba tangu masista walipowapitisha pale Kisenyi kwenye lori, ukiwa mtoto wa shule, unaota kuukanyaga ule mchanga bila viatu. Ulimwambia hutaki kufungwa ndani kwanza, unataka ukanyage mchanga kwanza, halafu wakufunge watakavyo. Yeye ndiye aliyeogopa. Alisema, na shangazi? Alisema, na Jumatatu? Ulimbembeleza mpaka maharage yakaisha. Nilisimama pale na kuku mkononi nikasahau kumfunga, maana hakuna aliyekufundisha, na bado una macho yangu.

Sikukuambia kitu. Ningekuambia nini? Usitake? Watu wengi wamekwisha kuniambia mimi hivyo.

Nikamngoja yeye. Jana alipoleta sukari na taulo ile ya kijani, nilituma aitwe nyuma ya jiko. Unajua mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Alisimama ameelekeza uso kwenye mgomba, kofia mkononi, miwani myeusi bado machoni, ingawa pale jikoni hakuna jua. Nilimwacha asimame kwanza. Kisha nikamuuliza kama bibi yako alivyouliza, kwa sauti ile ile, maana naikumbuka vizuri.

Nikasema, "Anakleti, nani alisema mutoke mu nyumba muende ku muchanga?"

Nikaona mguu wake mmoja unatafuta mahali pa kusimama. Nikasema moyoni, haya, sasa atavitazama viatu.

Akavua miwani. Akasema ni yeye: "Njo mimi, mama."

Nikamwambia, "Usinidanganye. Ninajua mutoto wangu. Ni yeye alikuomba."

"Hapana, mama. Felisita alikatala. Njo mimi nilikaza."

Anadanganya vibaya sana huyu mtu. Masikio yake yalibadilika rangi na jasho likamtoka juu ya mdomo. Sijui watu wa ofisi ya kahawa wanamwachiaje vitabu vyao. Nikamwongezea. Nikamwambia kwamba pombe iko tayari, kwamba shangazi yake atakuja Jumapili hii hii na watu wote, na kwamba nikimwambia shangazi nani mwenye kosa, mwenye kosa ataitwa mbele ya ukoo na hatasahauliwa mpaka afe. Aliposikia habari ya pombe alishika mgomba. Kumbe kweli hakujua. Nikamuuliza mara ya mwisho, "Sasa nitamwambia nini? Nani alimutosha mu nyumba?"

Akasema polepole, kama mtoto wa komunyo ya kwanza, "Mumwambie njo mimi. Hata nikiitwa, nitasema ni vile."

Kisha akaniomba ruhusa aende kwa shangazi yake mara moja, akaungame na kuifuta safari, ili wewe usipatwe na aibu. Hapo kwa mara ya kwanza nikamkasirikia kwa sababu nzuri. Nikamwambia akithubutu kuifuta, mimi mwenyewe nitaikata kalamu yake vipande. Nikamwambia aende nyumbani, anyamaze, na apate usingizi, maana kesho kutwa yake itakuwa ndefu. Aliondoka akasahau miwani yake. Nimeiweka kwenye kikapu pamoja na barua hii. Mrudishie, lakini asiivae mbele yangu.

Usidhani nimempenda. Bado naona kwamba ni karani mdogo mwenye mafuta mengi kichwani, na vwayaje de nose yake ni ujinga wa kuiga watu wasiotuacha tupite mlango wa mbele. Lakini nimekaa na mtu miaka yote hii nikingoja neno moja, neno fupi ambalo hata mtoto analiweza. Lile neno ambalo baba yako hakulipata siku nzima pale uani, huyu mjinga amelisema mara tatu nyuma ya jiko langu, tena kwa kosa ambalo si lake. Niliingia ndani nikakaa kwenye gunia la viazi nikalia. Kama shangazi zako wamekuambia nilikuwa nakata vitunguu, si kweli.

Jambo moja tu nakuonya. Usimwache alibebe peke yake kama mimi nilivyobeba. Ukiona amezoea kusema ni mimi, ni mimi, kila mara, hata pale unapojua kwamba ni wewe, mzuie. Mtu mwema naye anachoka, na mke anaweza kuwa baba yako vile vile. Nimekuzaa mimi, lakini yeye pia amekuzaa, na kuna siku nimekuona unatazama vidole vya miguu.

Sasa nenda. Jumamosi lori linapita kwenye njia panda ya soko, dereva nimekwisha sema naye, hatawauliza kitu. Vua viatu ukanyage. Mlinzi wa hoteli ananifahamu, mchana anasinzia nyuma ya chungu cha maua, na mchanga wa mbele ni laini kuliko ule wa matete. Ukanyage wa mbele.

Na Jumapili usiwaze. Baada ya misa nitafika nyumbani kwenu kabla yao. Najua mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake bila kuitwa, hajawahi kuingia mtu katika ukoo ule tangu waanze kuwa ukoo. Vizuri. Nitaingia mimi. Nitafungua mlango wote, nitakaa juu ya kitanda chako, na nimekwisha agiza samaki mkubwa kwa wavuvi, nitakuwa namla kwa mikono. Wakija na maziwa yao na wimbo wao, wakifungua, hawatakuta kitanda kitupu. Watanikuta mimi. Watakuwa na habari ya kusimulia mpaka watakapokufa, na ndani ya habari hiyo wewe hutakuwamo hata kidogo, kwa maana hakuna atakayekumbuka bibi-arusi alikuwa wapi.

Baba yako atakuwa nyuma ya mstari na koti lake. Namngojea aone.

Na yule shangazi akimaliza ugoro wake akaniuliza, nani alimutosha mu nyumba, sitapiga magoti. Nitatoa mwiba mdomoni kwanza, nifute vidole, nimtazame usoni, niseme, "Njo mimi."

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama Samaki